Kwa Baiskeli Juu ya Nyanda za Yorkshire

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi akina mama wa kambini ambao ndio wenye ukurasa huu, juma hili tunaacha kando mapishi na ushonaji. Twawaomba mtufuate mbali kidogo, hadi kaskazini mwa Uingereza, katika nchi ya milima mifupi isiyo na miti, ambako mwandishi wenu alipanda baiskeli siku nzima mwezi wa Oktoba 2024 pamoja na rafiki yake wa zamani. Habari yenyewe ni ya matembezi, lakini ndani yake mna jambo la afya ambalo nyumba nyingi za askari zinalo na hazilisemi.

Rafiki huyo alikuwa afisa wa polisi, nasi tulikuwa tukimwita Afande tangu ujana wetu, na hata leo, akiwa mstaafu anayekaa kwa binti yake huko Yorkshire, hana jina jingine kinywani mwangu. Ana ugonjwa wa kisukari, naye hudunga sindano ya insulini kila siku. Daktari wake hakumkataza kupanda baiskeli. Bali alimhimiza, kwa sharti kwamba asiende peke yake. Basi nilipofika kuwatembelea, nikateuliwa kuwa mwenzi wa safari.

Kwanza niwaeleze nchi yenyewe ilivyo. Inaitwa North York Moors, na serikali ya huko iliitangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1952. Msidhani hifadhi hiyo ni ya tembo na simba. Ni nyanda za juu, kiasi cha mita 400 tu kutoka usawa wa bahari, zilizofunikwa na kichaka kifupi cha jamii ya erika kisichofika magotini, juu ya udongo wa mboji mweusi unaofyonza maji kama sifongo. Waliopata kupanda Rwenzori au Mlima Elgon wataijua jamii hiyo mara moja, kwa kuwa erika zetu za juu ya mlima ni miti mizima, mingine yafikia mita 10, imevikwa ndevu za kuvu na kuning'inia kama wazee waliokaa barazani. Nilipomwambia Afande kwamba kichaka anachokikanyaga ni binamu wa miti ile, alikitazama kwa huruma akasema, “Maskini, huyu amekosa lishe.”

Mwezi wa Agosti kichaka hicho hutoa maua ya zambarau, na nchi yote hugeuka rangi kama kanga mpya. Sisi tulifika maua yamekwisha kitambo. Oktoba kila kitu ni hudhurungi: kichaka ni hudhurungi nyeusi, nyasi ni rangi ya manyoya ya swala, na kangaga za mabondeni zimekauka zikawa nyekundu kama kutu ya bati. Ndiyo majira wanayoyaita kwa Kiswahili cha vitabuni “vuli”, ingawa kwetu vuli ni mvua, na kwao ni kupukutika kwa majani na kufupika kwa siku. Jambo hili la siku kufupika lamshangaza mtu wa Ikweta. Kwetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Kule, mwezi wa Juni watu hulima bustani hadi saa tatu na nusu usiku. Siku ile yetu jua lilizama karibu na saa kumi na mbili jioni. Na wiki iliyofuata, usiku wa kuamkia 27 Oktoba, saa za nchi nzima zilirudishwa nyuma kwa saa moja, giza likawa linaingia kabla ya saa kumi na moja alasiri. Mpanda baiskeli asiyehesabu mwanga wake kule hufanana na askari asiyehesabu risasi zake.

Tulianzia kwenye mgongo wa mlima uitwao Blakey Ridge, penye nyumba ya wageni ya Lion Inn iliyo peke yake kabisa juu ya barabara, pande zote pepo tupu. Kutoka hapo tulifuata njia ambayo zamani ilikuwa reli. Mwaka 1861 ilijengwa reli kupita juu ya nyanda hizo ili kuchukua mawe ya chuma kutoka machimbo ya Rosedale na kuyapeleka kwenye tanuru za kaskazini. Mwishoni mwa nyanda, huko Ingleby, mlima unakatika ghafula kama ukuta. Gari la moshi lisingeweza kushuka pale, kwa hiyo mabehewa yaliyojaa yaliteremshwa kwa kamba ya chuma, na uzito wao wa kushuka ndio uliovuta yale matupu kupanda juu. Reli ikafungwa mwaka 1929, vyuma vikang'olewa, na kilichobaki ni tuta la kokoto na majivu, pana na karibu tambarare, linalozunguka vichwa vya mabonde kilomita baada ya kilomita. Wahandisi wale waliwatafutia treni njia isiyo na vilima, na bila kujua wakamtengenezea mzee wa miaka sitini na tisa mwenye baiskeli njia ya raha.

Na baiskeli zenyewe? Wengi wetu tulikua na Raleigh, chuma kizito kilichotoka Nottingham, ambacho baba aliendea kazini, mama akapelekewa kliniki, na gunia la mkaa likasafirishwa sokoni. Kiwanda kile cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Hizi za milimani ni kizazi kingine. Vijana wa California, Marekani, katika miaka ya sabini walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi mapana wakaziteremsha milimani kwa mashindano, breki zikichemka. Wakaanza kuziongezea gia na kuziimarisha fremu, na kufikia mwaka 1981 zikawa zinauzwa madukani kwa wingi. Mwaka 1996, Atlanta, zikaingia katika Michezo ya Olimpiki. Tairi yake ni pana na yenye meno, nayo haijazwi upepo hadi iwe ngumu kama jiwe, maana tairi laini hushika kokoto na kumeza matuta. Gia zake za chini kabisa humwezesha mtu kupanda kilima kwa mwendo wa kinyonga bila kushuka. Afande alikuwa ameazima ya mkwewe, nami nilikodi.

Sheria ya huko pia ipendeze masikio ya polisi wetu. Njia za miguu peke yake baiskeli haziruhusiwi. Ziruhusiwazo ni njia za farasi, tangu sheria ya mwaka 1968, na hata humo mwenye baiskeli yampasa kumpisha mwenye miguu na mwenye farasi. Tulikutana na mama mmoja juu ya farasi mweupe. Afande akashuka, akasimama pembeni na kumpa heshima kama ya gwaride. Yule mama alifurahi sana.

Zaidi ya hapo hatukukutana na watu wengi. Kondoo walikuwapo, na ndege wa jamii ya kwale, mwekundu wa kahawia, ambaye huruka ghafula kutoka kichakani karibu na gurudumu na kupiga kelele. Waingereza husema kwamba mlio wake ni maneno: “Rudi, rudi, rudi!” Huyo ndege ndiye tajiri wa nchi hiyo, maana kwa ajili yake vichaka vinatunzwa. Watu hulipa fedha nyingi kumwinda kuanzia 12 Agosti hadi 10 Desemba, na walinzi wa mawindo huchoma vichaka vikuukuu kwa vipande ili vichipuke vipya awale, kazi inayoruhusiwa milimani kuanzia 1 Oktoba. Tangu mwaka 2021 serikali imebana uchomaji huo mahali penye mboji nene iliyohifadhiwa, na ubishi juu ya jambo hilo bado ni mkali huko. Mwandishi wenu haingii humo.

Sasa niingie katika kiini cha habari.

Asubuhi kabla hatujatoka, mkewe Afande, ambaye kwangu ni shemeji, aliniita jikoni. Alikuwa amefunga mkate wenye mayai, ndizi nne, chupa ya chai ya moto, na mfuko mdogo mwekundu. Ndani ya mfuko mlikuwa na vidonge vikubwa vya glukosi na kile kipimo cha kudungia kidole. Akaniambia, “Shemeji, sikiliza. Ana kidude mkononi kinachosoma sukari na kuipeleka kwenye simu, lakini juu kule upepo ni mwingi, hamtasikia kengele yake. Wewe tazama mtu, usitazame simu. Akianza kubishana nawe juu ya jambo lisilo na maana, usibishane naye. Mpe vidonge kwanza, mtabishana baadaye.”

Nikamwuliza kwa nini asimpe soda tu, kama tufanyavyo kwetu. Akacheka. Tangu kodi ya mwaka 2018, viwanda vya soda vya Uingereza vimepunguza sukari katika chupa nyingi, na mtu aweza kunywa chupa nzima akidhani ameokoka. Kidonge cha glukosi hesabu yake yajulikana.

Wale ambao nyumbani mwao hakuna ugonjwa huu huenda wasielewe hofu yake, kwa sababu tumezoea kusikia kwamba kisukari ni sukari kuzidi. Ndivyo, lakini mtu adungaye insulini, au ameze aina fulani za vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, yuko baina ya mashimo mawili. Insulini aliyodunga asubuhi haijui kwamba leo ameamua kupanda baiskeli. Inaendelea na kazi yake ya kuiondoa sukari katika damu, na misuli ya miguu nayo inaivuta upande wake. Sukari ikishuka chini ya 4, kwa kipimo cha milimoli, ambayo kwa kipimo kile kingine ni kama 70, mwili hupiga kengele: jasho, mtetemeko, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula. Ikiendelea kushuka, ubongo ndio unaokosa chakula, na hapo mtu hukasirika, huchanganyikiwa, hunena kama mlevi, na mwishowe huanguka. Ni wastaafu wangapi waliowahi kuburutwa kwenye selo kwa kudhaniwa wamelewa, hali walikuwa na njaa ya ubongo? Neno hilo nawaachia ndugu zetu wa doria.

Na baridi huuficha ugonjwa huu. Mtu akitetemeka kwenye upepo wa Oktoba, nani atasema si upepo? Akiwa mweupe midomoni na mzito wa maneno, nani atasema si baridi tu?

Tulikwenda vizuri saa ya kwanza. Tulisimama, tukala ndizi, akajipima, akawa na 7 na nusu, tukasonga. Njia ya reli inazunguka kichwa cha bonde la Farndale, na upande wa kushoto unaliona bonde lote chini, mashamba ya kijani yaliyogawanywa kwa kuta za mawe, nyumba moja moja yenye moshi. Kisha wingu likashuka. Bonde likafutika, ukabaki wewe, tuta la kokoto, na upepo wa ubavuni unaosukuma baiskeli kama mtu mlevi kwenye basi. Joto lilikuwa nyuzi 7, lakini kwenye upepo ule mwili ulihesabu chini zaidi. Shabaha yetu ilikuwa njia panda ya Bloworth Crossing, kilomita 9 hivi kutoka tulikoanzia, na kutoka hapo tufike kwenye ukingo wa Ingleby ambako mabehewa yalishushwa. Afande alikuwa ameitamani sehemu hiyo mwaka mzima.

Kwanza aliniuliza kondoo wale ni wa nani. Nikamjibu kwamba ni wa wakulima wa bondeni, wana haki ya kulisha huku juu. Baada ya dakika chache akaniuliza tena, kondoo hawa ni wa nani. Kisha mguu wake ukakosa pedali. Akaukosa tena. Nikasogea ubavuni mwake, nikaona jasho linamtiririka shavuni, katika upepo ule.

“Afande, tusimame kidogo.”

“Tusimame nini? Njia panda iko pale penye kona.”

“Ni kweli, lakini tusimame.”

“Wewe ulisema kilomita tisa. Hizi si tisa. Umenidanganya hesabu.”

Hapo maneno ya shemeji yakanijia kana kwamba amesimama nyuma yangu. Sikujibu habari ya kilomita. Nilishika usukani wake, baiskeli ikasimama, naye akanitazama kwa macho ambayo sijapata kuyaona kwake, macho ya mtu anayemtazama mwizi. Nikafungua mfuko mwekundu. Akausukuma mkono wangu. Akasema yeye si mtoto wa kupewa peremende. Ndugu wasomaji, kukataa ndiyo tabia ya hali hiyo. Anayekataa si yule mtu mwenyewe, ni ubongo wake uliopungukiwa. Basi nikasema kwa sauti ile tuliyofundishwa sote chuoni, “Afande, hii ni amri. Tafuna!” Labda ni mazoea ya miaka thelathini na minne ya utumishi yaliyomjibu, kwa maana alifungua kinywa.

Alitafuna vidonge vitano, ambavyo ni gramu 20 hivi za sukari. Nikamwingiza mahali ambapo reli ilikatiwa ndani ya kilima, kingo zikawa kizuizi cha upepo, nikamkalisha juu ya mkoba, si juu ya udongo, kwa kuwa ardhi mbichi hunyonya joto la mtu kuliko hewa. Nikamvika koti la akiba. Nikamfuta kidole, maana kidole chenye ute wa ndizi hutoa hesabu ya uongo, nikamdunga: 2.9.

Dakika kumi na tano ni ndefu sana ukiwa unazitazama. Kanuni ni hiyo: mpe gramu 15 hadi 20, ngoja dakika 10 hadi 15, pima tena. Usimlundikie chakula kwa hofu, na usianze na mkate wala chokoleti, maana mafuta na unga huchelewesha sukari tumboni. Nilipopima tena ilikuwa 3.8, nikampa vidonge vinne. Katika kungoja huko nilikuwa nikipiga hesabu nyingine. Simu yangu haikuwa na mtandao. Huko Uingereza mtu akipatwa na jambo mlimani hupiga 999, anaomba polisi, na polisi ndio wanaowaita waokoaji wa milimani, ambao wote ni watu wa kujitolea. Pasipo na simu, hupulizwa filimbi mara sita kwa dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa nimeamua kwamba akisinzia tu, naanza kupuliza. Na kama angepoteza fahamu, nisingemtia kitu chochote mdomoni, kwa kuwa kingeingia mapafuni. Ningemlaza kwa ubavu, nikamfunika, nikaendelea kupuliza.

Hakusinzia. Kipimo cha tatu kilisema 5.4. Akaomba mkate. Akaula kimya, akanywa chai, kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kwenye gari asikokujua.

“Tumefika wapi?”

“Karibu na njia panda.”

“Basi twende tumalize.”

Alikuwa amerudi kuwa yeye, na kwa hiyo sasa ndipo ubishi wenyewe ulipoanza. Alisema amepona, ukingo wa Ingleby uko karibu, na hajui kama mwaka ujao magoti yatakubali. Nikamwambia insulini ya asubuhi bado imo, mwanga umebaki saa mbili, na vidonge vimebaki vitatu. Alinitukana kidogo, kwa heshima. Kisha akageuza baiskeli. Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele yangu bila kusema neno, mgongo wake umenyooka, na ndege yule akaruka kichakani akisema rudi, rudi, rudi, nami sikuthubutu kucheka.

Kwenye nyumba ya wageni tuliketi karibu na moto. Gari lilikuwa lake, na sheria ya huko yasema mwenye kisukari akishukiwa na sukari asishike usukani hadi dakika 45 zipite tangu damu yake irudi 5 au zaidi. Dakika hizo zilikuwa zimekwisha njiani, lakini alijipima tena, akapata 6.8, akaiandika katika kijitabu pamoja na saa, kama afisa anayejaza kitabu cha matukio. Ndipo akasema, “Nilikuwa nakusikia, lakini ulikuwa kama mtu anayesema ndani ya redio yenye mawimbi mabaya. Nilijua unasema kitu. Nikajua tu kwamba ni uongo.”

Nyumbani alimweleza mkewe mwenyewe, sikuhitaji kufungua kinywa. Shemeji hakulia wala hakugomba. Aliuliza namba zote tatu na nyakati zake, kisha akaweka kengele ya saa nane za usiku, kwa sababu misuli iliyofanya kazi mchana huendelea kurudisha akiba yake usiku kucha, na sukari yaweza kushuka mtu akiwa usingizini. Nilimsikia ngazini saa hiyo ikitimia, taa ya jikoni ikawaka, na harufu ya maziwa ya moto ikapanda juu. Juma lililofuata daktari alimpunguzia kipimo cha insulini kwa siku za safari, na ule mfuko mwekundu ukahamishwa kutoka mkobani ukafungwa kwa ukanda kwenye usukani, mbele ya macho yake. Ameniandikia kwamba ukingo wa Ingleby ataufuata mwezi wa Mei, siku zitakapokuwa ndefu, na kwamba safari hii kilomita atazihesabu yeye.